Swala Amekuona: Ufanye Nini Sasa?

Mwaka wangu wa kwanza wa kufuata nyayo katika mashamba ya ng'ombe ya Kiruhura, magharibi mwa Uganda, tulionekana na dume la swala aina ya pala kabla hatujakipita hata kichuguu cha pili. Alikuwa akila. Akanyanyua kichwa, akasimamisha masikio, akatukazia macho. Mgeni niliyekuwa nikimwongoza akanigeukia na kuninong'oneza, "Basi, imekwisha." Ukweli ni kwamba hakuna kilichokuwa kimekwisha, ila kule kugeuka kwake ndiko kulikomaliza. Pala alikoroma mara moja, kundi zima likaruka huku na huku, na dakika moja baadaye tulikuwa tukitazama vumbi.

Tangu siku hiyo nimeonekana na swala mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kuonekana si kukosa. Kinachokukosesha ni lile unalolifanya baada ya kuonekana, na hilo ndilo nitakalolieleza hapa.

Kwanza nimalize la sheria, maana wapo watakaosoma haya wakiwa na waya wa mtego mfukoni. Uwindaji Uganda ulisimamishwa mwaka 1979, ukarudishwa kwa majaribio mwaka 2001 nje ya Hifadhi ya Ziwa Mburo, kwenye mashamba ya watu binafsi. Leo unasimamiwa na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019, na kibali kinatolewa na Mamlaka ya Wanyamapori. Ndani ya hifadhi yenyewe hakuna kuwinda. Waya nauchukia kwa sababu hauchagui: unamnasa jike mwenye mimba, unamnasa mtoto, unamnasa hata fisi, halafu aliyeutega anasahau alipouweka. Kama huna kibali, beba kamera. Mburo unaruhusiwa kutembea kwa miguu ukiwa na askari wa wanyamapori mwenye bunduki, na hatua zote nitakazozitaja zinafaa vilevile. Basi nikisema "kupiga", wewe chagua mwenyewe: risasi au picha.

Elewa kwanza alichokiona

Macho ya swala yako pembeni mwa kichwa. Anaona karibu pande zote bila kugeuka, ila hakioni kitu kwa undani kama wewe. Rangi nyekundu haimshtui sana. Ya buluu anaiona vizuri. Kinachomwamsha ni mwendo. Kwa hiyo pala anapoinua kichwa kukutazama, mara nyingi hajaona mtu. Ameona kitu kilichosogea.

Ichukulie kama kesi. Macho yake ni shahidi mmoja, na swala hapendi kukimbia kwa ushahidi wa shahidi mmoja, kwa sababu kukimbia ovyo kunamchosha na kunamtoa kwenye malisho. Atangoja shahidi wa pili: mwendo mwingine, au sauti, au harufu. Kazi yako yote ni kumnyima huyo shahidi wa pili. Lakini pua yake ni jambo jingine kabisa. Pua ikishasema, haingoji shahidi mwingine.

Hatua ya kwanza: ganda

Ganda hapo hapo ulipo. Kama mguu mmoja uko mbele, ubaki mbele. Kama mkono uko kwenye kofia, ubaki kwenye kofia. Usichutame ghafla kujificha. Wageni wengi hufanya hivyo, na machoni pa swala kitu kilichokuwa kirefu kikawa kifupi ghafla kinafanana sana na chui anayejiandaa.

Ili uweze kuganda vizuri, lazima utembee vizuri kabla. Hatua ziwe fupi, uzito uhamie polepole, kila hatua iwe ni mahali unapoweza kusimama dakika kumi bila kuyumba. Anayetembea kwa hatua ndefu ataonekana akiwa amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, na korongo amezoea, wewe hujazoea.

Mkiwa watatu au wanne, tembeeni mstari mmoja, mmoja nyuma ya mwenzake, ili kwa swala muwe umbo moja. Wa mbele akisimama, wote wasimame bila kuuliza kuna nini. Mimi hukunja vidole vya mkono wa kushoto nyuma ya paja, na hiyo ndiyo ishara yetu. Askari tunaotembea nao wanatoka Karamoja, West Nile na kwingineko Uganda, lugha yetu sote ni Kiswahili, lakini wakati huo hata "afande, simama" ni maneno mawili ya ziada.

Na simu, zima. Sikusema iweke kimya, nimesema zima. Niliwahi kusimama robo saa mbele ya pongo, swala wa vichakani, dume mzuri, kandokando ya kichaka, jasho likinitiririka mpaka kwenye viatu, mambo yakiwa yanakwenda vizuri. Mfukoni mwangu simu ikatoa mlio. Ulikuwa ujumbe wa kunitangazia bando la usiku. Pongo akabweka, akainua mkia, akaingia kichakani. Askari hakusema kitu njia nzima, na kimya chake kiliniuma kuliko matusi.

Hatua ya pili: punguza uso wako

Usishindane naye kutazamana. Shusha macho kidogo, mtazame miguu, au tazama pembeni yake umfuate kwa jicho la ubavuni. Sisi wafuata nyayo tunaamini kwamba macho mawili yaliyoelekezwa mbele yanamwambia swala "huyu ni mla nyama", na sijapata sababu ya kuacha kuamini hivyo. Kofia yenye ukingo inasaidia. Uso unaong'aa kwa mafuta na saa inayomeremeta mkononi vinakuumbua kuliko shati.

Kwa nguo, vaa kahawia au kijani kilichofifia. Jinzi ya buluu iache nyumbani. Swala anaiona, na mbung'o wanaipenda. Nguo za madoadoa ya kijeshi usithubutu: Uganda ni kosa kwa raia kuvaa mavazi yanayofanana na ya jeshi, na utakamatwa barabarani kabla hujafika porini.

Hatua ya tatu: uliza upepo

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, nami nitakaa hapa kidogo.

Tangu asubuhi umekuwa ukitikisa kifuko chako cha majivu kuona yanakoelekea. Ni kizuri: kitambaa chepesi, majivu laini ya jikoni yaliyochekechwa, fundo moja. Lakini ukishaonekana, kifuko hicho hakikufai tena, kwa sababu kukitikisa ni mwendo. Sasa upime upepo kwa ngozi. Ukiuhisi usoni na kwenye midomo, una nafasi. Ukiuhisi shavu moja tu, una nafasi ndogo, tena uangalie kama kuna swala wengine upande unakokwenda. Ukihisi ubaridi kwenye kisogo pale penye jasho, usijidanganye. Ondoka. Hata akikutazama kwa utulivu, harufu yako iko njiani.

Katika vilima vya Mburo upepo una tabia zake. Alfajiri hewa ni baridi na nzito, inateremka kutoka kilimani kwenda bondeni. Jua likishapasha miteremko, hewa inageuka, inapanda. Kati ya nyakati hizo mbili upepo hauna msimamo: unakupiga usoni, unazunguka, unakupiga mgongoni, yote ndani ya dakika tatu. Kwetu mara nyingi ni kama saa tatu hadi saa nne asubuhi. Wageni hutaka kuendelea kwa sababu wamelipia siku nzima. Mimi huwaambia tukae chini ya mgunga tunywe chai. Wengine hunikasirikia, lakini swala ambaye hajakunusa leo bado ni wako kesho; aliyekunusa atahama bonde.

Sabuni ya marashi, sigara, dawa ya mbu ya kujipaka: vyote hivyo vina sauti kubwa puani mwa mnyama. Kuna wanaojipaka kinyesi cha ng'ombe. Nimejaribu. Upepo mbaya ulinisaliti vilevile, na mke wangu hakuniruhusu kuingia ndani.

Hatua ya nne: msome

Ukiwa umeganda, una muda wa kusoma. Kila aina ina lugha yake.

Pala ndiye tunayemfuata zaidi huku. Hata Kampala ilipata jina kwake, kilima cha pala. Hatua zake za wasiwasi ni hizi: anaacha kutafuna, masikio yanaelekea mbele yote mawili, shingo inarefuka. Kisha huja ule ujanja wake: anainamisha kichwa kana kwamba anarudi kula, halafu anakiinua ghafla. Hakuwa akila. Alikuwa akikutega usogee. Wageni kutoka Marekani hulitambua hili haraka, kwa sababu paa wao mwenye mkia mweupe hufanya vivyo hivyo, tena yeye hupiga ardhi kwa mguu wa mbele, na akikata shauri huinua mkia kama bendera nyeupe. Pala akianza kukoroma kwa kishindo, umebakiwa na sekunde chache.

Pongo huishi peke yake au wawili, kandokando ya vichaka. Yeye anaamini kuganda kuliko kukimbia. Mara nyingi amekuona zamani, wewe ndiye hujamwona. Mkikutana macho, usisimame ghafla ukimtazama. Endelea na mwendo ule ule uliokuwa nao, umpite, usimame ukishafunikwa na mti. Huyu ndiye pekee ambaye kwake naivunja kanuni ya kuganda. Akibweka kama mbwa, mambo yameharibika.

Kuro ana utulivu unaodanganya. Atakutazama kwa muda mrefu, mkubwa na mwenye manyoya, ukadhani amekubali. Akiwa karibu na maji, jua njia yake ya kutorokea ni hayo maji.

Tohe na kobu hupiga mluzi. Kobu, yule aliye kwenye nembo ya taifa, dume lake linashikilia kipande chake cha ardhi na halikiachi kirahisi. Kule Kasenyi katika Hifadhi ya Queen Elizabeth utawaona wamesimama kila mmoja na uwanja wake, na hapo ni pa kamera tu. Nyamera hupenda kusimama juu ya kichuguu kama mlinzi wa zamu. Ukimwona nyamera kichuguuni na pala chini yake, usihangaike na pala; mshughulikie mlinzi kwanza. Nsya yeye hujilaza kwenye nyasi mpaka ukaribie kumkanyaga, kisha huchomoka kwa kupindapinda. Kwa nsya hakuna hatua za kufuata. Ameshaondoka.

Wasome pia wasio swala. Kanga wakipiga kelele, tumbili akikaripia juu ya mti, wale ndege wala kupe wakiruka mgongoni mwa nyati usiyemwona, hao nao ni mashahidi. Tena nyati akiwa karibu, mambo ya swala yameishia hapo. Msikilize askari wako, mrudi nyuma taratibu.

Hatua ya tano: ngoja, na ungoje zaidi

Dakika tano ni kawaida. Kumi si ajabu. Dalili ya kwanza ya kutulia ni sikio moja kugeukia nyuma au pembeni. Ya pili ni mkia kuanza kufukuza nzi. Ya tatu ni kutafuna. Ya nne ni kuinama kula.

Usimwamini akiinama mara ya kwanza. Kumbuka ule ujanja. Ngoja ainame, ainue, ainame tena, na safari hii ang'oe majani kweli. Hapo ndipo unapoweza kuhamisha uzito kutoka mguu hadi mguu. Akiwa kundini, watazame majike. Dume hujisikia, lakini mimi huwaamini majike zaidi.

Hatua ya sita: chagua

Sasa una njia tatu: kusogea, kupiga, au kuondoka.

Ukisogea, usimwendee moja kwa moja. Nenda mshazari, kana kwamba una safari yako nyingine na yeye yuko tu njiani. Katika mashamba haya pala wanalisha pamoja na ng'ombe wa Ankole, na wanawaona wachungaji kila siku ya Mungu. Wanajua mchungaji anavyotembea: polepole, fimbo begani, bila haraka na bila kunyata. Kunyata ndiko kunakowashtua, maana hakuna mchungaji anayenyata. Nimewahi kuwapita pala kwa hatua hamsini hivi nikiwa na fimbo begani na wimbo puani, wakanitazama kama mtu wa nyumbani. Msituni, ambako mnyama hajazoea watu, usijaribu hili.

Ujanja mwingine nilifundishwa na mzee mmoja wa West Nile aliyefuata nyayo kabla sijazaliwa. Tulikuwa wanne nyuma ya kichaka, pala wakitutazama, hakuna pa kwenda. Akaniambia, "Kijana, swala hajui hesabu." Akamwacha mgeni na mwindaji mkuu wamelala kifudifudi nyuma ya kichaka, mimi na yeye tukaondoka wazi wazi, tukiongea kwa sauti ya kawaida, tukielekea mbali. Pala walitusindikiza kwa macho mpaka tukapotea, kisha wakarudi kula. Wale wawili walikuwa bado pale.

Ukiamua kupiga, kanuni ni moja: mkono usogee wakati jicho lake limefunikwa. Inua zile fimbo za kuegemezea bunduki anapoinama, au kichwa chake kinapopita nyuma ya shina. Akiinua kichwa katikati ya kazi, ganda na bunduki ikiwa nusu njia, hata mabega yakiwaka moto. Na akiwa bado amekaza misuli, amekukabili kifua, usipige. Mnyama aliyekaza anaruka kwa sauti ndogo kabisa, na kwa upinde ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu anaweza kuwa ameshainama na kugeuka kabla mshale haujafika. Utamjeruhi, na kumfuata swala aliyejeruhiwa ndani ya vichaka jua linapozama ni kazi nisiyomtakia mtu. Subiri akupe ubavu. Asipokupa, mwache.

Akikimbia, usimpige akiwa anakimbia, wala usimkimbilie. Pala na kobu mara nyingi hukimbia kipande, husimama, hugeuka kutazama walichokikimbia. Mluzi mmoja mfupi, wa chini, wakati mwingine humsimamisha mapema. Mmoja tu. Wa pili unamwambia ulipo.

Hatua ya saba: akishaondoka

Kaa ulipo dakika kadhaa. Weka alama mahali alipokuwa, tazama alikokimbilia, na uangalie kama alikimbia kwa kuona au kwa kunusa: aliyenusa hakusimama kutazama nyuma. Kundi lililoshtuka mara mbili asubuhi moja liachie siku. Pongo na dume la kobu hurudi mahali pao, kwa hiyo kwao kesho uje mahali pale pale ila kwa njia nyingine, upepo ukiwa usoni. Kundi la pala lisilo na dume mwenye eneo linaweza kuwa popote. Anza kuwatafuta kwenye maji.

Yule mgeni wangu wa kwanza hakukata tamaa, namsifu kwa hilo. Siku ya tatu, jua likiwa bado chini, dume yuleyule, au ndugu yake, alituona tena kandokando ya uwanda ule ule. Nilikunja vidole nyuma ya paja. Nyuma yangu sikusikia hata pumzi. Nzi alitua kwenye mdomo wangu wa juu, akatembea, akarudi alikotoka. Nilihesabu kimoyomoyo hadi mia nne na kitu. Sikio moja la pala likageukia nyuma. Mkia ukapiga. Akainama, akainua kichwa ghafla, hakuna aliyesogea. Akainama tena, na nikasikia majani yakikatika.